Ajanta na Ellora: uzoefu wangu wa mahekalu ya mapangoni, India

Kabla ya kukata tiketi ya treni au ndege, angalia kalenda. Ajanta hufungwa Jumatatu, Ellora Jumanne. Ukifikia Aurangabad, ambao sasa unaitwa rasmi Chhatrapati Sambhajinagar, Ellora iko kilomita 30 hivi na Ajanta kama 100. Kuna madereva wanaouza safari ya kwenda kote kuwili kwa siku moja. Usikubali, Ajanta peke yake inamaliza siku.

Gari haliruhusiwi kufika kwenye mapango ya Ajanta. Linaachwa upande wa Fardapur, kisha unapanda basi maalumu kwa kilomita 4. Nauli yake hulipwa mbali na kiingilio, ambacho kwa mgeni nilikikuta rupia 600, kwa hiyo uwe na noti ndogo. Nunua maji hapo hapo chini, na wauza mawe wanaokupa “zawadi” uwapite kwa heshima bila kupokea kitu.

Mapango yako 30 hivi, yamepangana kwenye jabali lililopinda juu ya mto Waghora. Vikundi vyote huanzia namba 1, na msongamano huwa hapo. Kama hukuwahi mlango kufunguliwa, nenda moja kwa moja hadi la 26, lenye Buddha aliyelala, mchongo wa karibu mita 7, halafu rudi nyuma ukipitia 19, 17, 16, 10 na 9. Hayo mawili ya mwisho ni ya kale kuliko mengi, yalichongwa kabla ya Kristo.

Michoro bora iko 1, 2, 16 na 17. Ilipakwa juu ya lipu kavu ya udongo, ndiyo maana unyevu wa pumzi zetu unaibandua, na walinzi huingiza watu wachache wachache. Flashi ni marufuku: izime kwenye simu kabla ya kuingia, maana ikiachwa ijiwashe yenyewe utafokewa, na ni haki. Viatu vinavuliwa, basi vaa vya kuchomeka na ubebe soksi. Ukishaingia simama dakika 5 bila kupiga picha. Macho yakizoea giza, Padmapani, mtakatifu wa Kibudha mwenye ua la yungiyungi, anajitokeza kushoto kwa mlango wa madhabahu ya pango la 1. Wengi huwa wameshatoka wakati huo, na inaniuma kuwaona wakiondoka.

Ellora inatazama magharibi, kwa hiyo jua la alasiri ndilo linaloingia ndani. Asubuhi maliza mapango ya Kibudha, 1 hadi 12, usikose la 10 lenye dari ya mbavu za mawe zilizoiga boriti za mbao. Kailasa, hekalu la Kihindu namba 16, lilichongwa kuanzia juu kushuka chini katika karne ya 8. Njia ya mlimani ikiwa wazi, litazame kwanza kutoka juu ndipo uelewe ni mwamba kiasi gani ulioondolewa. Mapango ya Wajaini (dini nyingine ya kale ya India), 30 hadi 34, yako mbali kidogo kaskazini. Panda gari la eneo hilo, na ndani ya la 32 panda hadi ghorofa ya juu.

Oktoba hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, na jabali lote linarudisha moto.