Katy Trail: tambarare inayomchosha mpanda milima

Kama umezoea kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli kutoka Himo hadi Marangu, usidhani njia ya baiskeli ya Katy Trail ni mteremko. Naipa nyota nne kati ya tano, na naipenda kweli, ila inataka maandalizi ambayo milima yetu haikupi.

Iko Missouri, Marekani: kilomita 386 hivi kati ya Machens na Clinton, juu ya tuta la reli ya Missouri-Kansas-Texas. Treni ziliacha kupita mwaka 1986, na kipande cha kwanza cha njia kikafunguliwa 1990. Hakuna kiingilio, na pikipiki hazipiti.

Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo tuta lilijengwa karibu sawasawa. Hapo ndipo kazi ilipo. Ukishuka kutoka Marangu unasimama juu ya pedali na makalio yanapumzika. Katy unakanyaga muda wote. Mikono hufa ganzi na ngozi huchubuka kabla mapaja hayajachoka. Nyanyuka kwenye siti kila dakika kumi. Vaa kaptula yenye pedi bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Pima siti hivi: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke.

Njia imeshindiliwa chokaa iliyosagwa. Tairi la milimita 35 hadi 40 linatosha. Lenye meno makubwa linakula nguvu bure, na jembamba la lami huzama mvua ikinyesha. Vumbi la chokaa hushikana na mafuta likala mnyororo. Oili ya injini ambayo mafundi wetu wengi hupaka haifai kabisa. Tumia mafuta mepesi, tone moja kila pingili, kisha futa yote yaliyobaki nje. Tope lioshe kabla halijakauka, hasa kwenye breki.

Nyota niliyoipunguza ni ya maji. Bomba haziko kila kituo, na majira ya baridi hufungwa. Beba lita tatu. Njia inafungwa jua likizama, kwa hiyo panga mji wa kulala mapema. Mto Missouri nao hufurika, kama 1993 uliposomba vipande vya njia. Tazama taarifa za kufungwa kabla ya kuondoka.

Mwenye siku chache aanzie Rocheport, penye handaki la treni na majabali kando ya mto. Treni ya abiria ya Amtrak, inayopita reli nyingine, inasimama Hermann, Jefferson City na Sedalia na inabeba baiskeli, ila nafasi ya baiskeli ikatiwe pamoja na tiketi. Hermann na Jefferson City ziko ng'ambo ya mto. Unavuka daraja kufika njiani.

Mazoezi fanyia barabara za tambarare za kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, si kando ya reli ya Moshi–Arusha, ambayo treni zake zilirudi 2020. Kanyaga saa mbili bila kuacha. Mikono ikifa ganzi kabla ya saa moja, inua usukani sentimita mbili, ujaribu tena.