Daftari la miraba kwa mtoto anayeogopa kuzidisha

Mtoto wa kaka yangu, ninayeishi naye, yuko darasa la nne. Tebo anazijua, muulize saba mara nane, anakujibu hujafunga mdomo. Lakini akikutana na tarakimu mbili kwa mbili analaza penseli: "Shangazi, mimi siwezi."

Siku moja nikakaa na daftari lake la mistari. 47 × 36, kapata 423. Kazidisha kwa 6, 282. Kazidisha kwa 3, 141. Kajumlisha. Kumbe ile 3 ni 30! Na namba zenyewe zilivyopandana, hata mimi nilihangaika kujua yapi makumi, yapi mamoja.

Ndipo nikanunua daftari la miraba, shilingi 1,500, kwenye duka la vifaa vya shule jirani na stendi ya Msamvu, hapa Morogoro. Muuzaji alinitolea ya aina tatu nilinganishe, wala hakununa.

Kazi yake nimeiona. Kila tarakimu inakaa kwenye mraba wake, makumi chini ya makumi. Wiki ya kwanza hatukugusa kabisa njia ya kusimamisha namba. Tulikuwa tunachora sanduku la vyumba vinne kwa kufuata mistari ya daftari: juu 40 na 7, ubavuni 30 na 6. Anajaza 1,200, 210, 240, 42, kisha anajumlisha: 1,692. Hizo zote anaziweza, na kuona kwamba anaziweza ndiko kulikompa moyo. Kabla ya kuanza namwambia akisie: 50 mara 40 ni 2,000, basi jibu lisiwe mbali na hapo. Juzi kapata jibu la mia tatu na kitu kwa 58 × 42, akaliangalia, akasema, "Hii ndogo mno," akafuta mwenyewe. Nilinyamaza tu, nimefurahi.

Lawama ninayo. Karatasi ni nyepesi, ukifuta mara ya pili inatoboka, na mtoto anayejifunza atafuta tu. Pini za katikati zimeanza kuachia. Miraba nayo ni midogo kwa mkono wa mtoto. Ukipata yenye miraba mikubwa, ongeza hela uchukue hiyo. Jedwali la kuzidisha la jalada la nyuma limechapwa hafifu, halisomeki usiku.

Hata hivyo nimenunua la pili. La kwanza limebakiza kurasa nne, na jana kaniomba nimtungie za tarakimu tatu.