Pampu ya 18,000 imeiaibisha ya 110,000 (nimezitumia zote ghalani msimu huu)

Shoga yangu anajifungua mwezi ujao, kaniuliza anunue pampu gani ya kukamulia maziwa, nikamtumia voisi ya dakika saba halafu kuja kuisikiliza nakuta nusu nzima namlalamikia bosi, pampu yenyewe sijaisema. Sa ngoja niandike, na wengine mnaorudi kazini mtachukua humohumo.

Mi ni karani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Likizo yangu ya uzazi ilianza 21 Julai, siku 84 zile za kwenye sheria (wa mapacha wanapata 100), na zile siku ni za kalenda jamani msijidanganye, Jumapili inahesabiwa, Nanenane inahesabiwa, Maulidi inahesabiwa, na ukianza kabla hujajifungua hizo ushazila. Mi nilianza wiki mbili kabla maana miguu ilivimba mpaka kandambili haziingii. Kwa hiyo nimerudi kazini 13 Oktoba mtoto ana wiki kumi tu. Nilirudi Jumatatu, kesho yake Jumanne Nyerere Day tukapumzika, nikasema Mwalimu umenikumbuka mwanao.

Sasa kwa mtu wa huku kurudi kazini Oktoba ni mtihani wa peke yake. Mama yangu alikuja kutoka Newala, kanikanda, kanipikia uji wa pilipili manga mpaka nikauchoka, tumemaliza arobaini vizuri, ila mwezi wa kumi ulivoingia tu akaanza kuangalia begi lake. Korosho zinaanguka, nani ataokota? Dada wa kazi naye wiki hiyohiyo kaaga kwao Tandahimba, na huwezi kumlaumu, kule ana mikorosho ya baba yake na mimi nina mshahara wa karani. Oktoba huku dada wa kazi hapatikani, utazunguka huku mtaani kwetu Chuno kote. Nikabaki na bibi jirani yetu, tumekubaliana 3,000 kwa siku, mtoto anashinda kwake, na kliniki wameshanisisitiza miezi sita maziwa ya mama tu hata maji hapana. Ndo pampu ikaingia.

Ya kwanza nilinunua ya umeme, 110,000 na nauli ya basi kutoka Dar 5,000. Nilimuona muuzaji mtandaoni anaionesha, inawaka kitaa cha buluu, ina namba, nikaipenda kama mtu anavopenda simu. Jina lake sisemi maana haya mapampu yanafanana yote, yanabadilishwa stika tu. Nikiwa likizo nyumbani nilikua naijaribu jaribu, nakaa kitandani, feni inanipulizia, natoa mililita 60 nafurahi mwenyewe naipiga picha.

Kufika ghalani ni habari nyingine. Chumba nilichopewa ni stoo ya sampo, yani vile vimfuko vya korosho zinazopimwa unyevu na ubora, kuna meza, kuna kiti cha plastiki kimoja, dirisha la wavu nimetundika kanga. Plagi ipo moja na kuna siku haina umeme. Muuzaji alisema bateri inakaa masaa manne, mi napata mizunguko mitatu halafu inaanza kuvuta kama mzee anayekunywa chai ya moto. Na kelele! Ngwii ngwii ngwii, ukuta wenyewe mwembamba, nje makuli wanashusha magunia, siku ya tatu namsikia mmoja anauliza kwa sauti, "Dada, humo ndani mnabangua?" Wakacheka wote. Nami nilicheka, ila maziwa yaligoma kushuka siku ile, maana maziwa yana aibu zake, ukiwa na mawazo hayaji hata uvute vipi.

Ila kilichoiua siyo kelele. Ndani ya hizi pampu kuna kidude cha silikoni cheupe, kidogo kama ncha ya kidole, mdomo wake umebana kama wa bata. Ndo valvu. Pampu ikivuta kinajifunga ili hewa isipite, ikiachia kinafunguka tone linaanguka kwenye chupa. Sasa mi nikakiosha kwa brashi ya chupa, nikakisugua ndani kabisa kwa usafi wangu. Kikachanika pembeni, mpasuko wa kama milimita mbili, huuoni mpaka ukibinye. Mota inalia, kitaa kinawaka, namba zinapanda, na ziwa haliguswi. Nilikaa nusu saa najua mwili wangu ndo umekauka, nimeanza kulia kabisa, kumbe ni mpira. Nimezunguka maduka ya dawa na ya vitu vya watoto mjini hapa spea hakuna, muuzaji wa Dar ananambia "dada agiza seti mpya". Seti mpya! Kwa ajili ya kidude cha ukubwa wa punje ya korosho.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenambia ni ile faneli inayokaa kwenye titi. Nyingi zinakuja milimita 24, na kama chuchu yako ni nyembamba inavuta na ngozi ya pembeni, unatoka umevilia wekundu. Pima chuchu yako kwa rula (jifungie mlango), faneli inatakiwa izidi milimita chache tu. Mi yangu ilikua kubwa na nimeumia wiki mbili nikidhani ndo kawaida.

Jioni ya siku niliyokosa spea ya valvu nikaingia duka moja la vitu vya watoto mjini nikanunua ya mkono, 18,000, sikuwa hata na matumaini. Ina mpini unaubonyeza, chupa chini, basi. Faneli yake imevikwa silikoni laini haiumi. Valvu ya akiba imo ndani ya boksi, nilikaribia kulibusu lile boksi. Haina kelele kabisa, unaanza kubonyeza haraka haraka kama mara ishirini mpaka uhisi ule msisimko wa maziwa kushuka, ukishauona unabadilisha, unabonyeza taratibu unashikilia kidogo unaachia. Wiki ya kwanza mililita 70, sasa hivi napata 120 kwa kikao kimoja, vikao viwili vinatosha na cha alfajiri kabla sijatoka, mtoto kwa masaa niliyo kazini anamaliza kama 270 hivi.

Ubaya wake upo, nisiwadanganye. Kiganja kinauma, siku za mwanzo nilikua nikishika kalamu kuandika stakabadhi vidole vinatetemeka na gari linasubiri. Nimejifunza kubadilisha mikono. Ukiinamia mbele maziwa yanavujia pale pampu inapoungana na chupa, gauni langu moja la kazi limeharibika. Na kama una haraka haitakusaidia, dakika 25 ni 25.

Haya, kutunza. Ile ya umeme ilikuja na kibegi cha ubaridi cha zawadi, kizuri cha pinki na vipakiti viwili vya jeli. Kwa joto la Mtwara la mwezi wa kumi na moja mpaka saa saba mchana vile vipakiti viko vuguvugu kama mtu kavikalia. Maziwa ya mama yanavumilia masaa manne nje, lakini hiyo ni kwa joto la nyuzi 25, sa stoo ya bati mchana ina 25 ya wapi. Nikamuona muuza samaki wa Feri anapita na deli lake (lile boksi la ubaridi), barafu limo toka alfajiri halijamaliza kuyeyuka, nikasema mbona mi mjinga. Nikanunua kideli kidogo 20,000, naweka chupa mbili za maji nilizogandisha usiku, umeme ukikatika nyumbani nanunua barafu za mifuko kwa jirani za 100 100. Jioni nafungua bado mkono unauma kwa baridi. Likiwa na barafu hivyo maziwa yanakaa hata siku nzima, kwenye friji siku nne, friza miezi sita yako vizuri tu, ila ukishayeyusha usirudishe kugandisha.

Kuosha, bomba letu liko nje wanakonawia makuli, kwa hiyo nabeba kibeseni changu na chupa ya chai yenye maji ya moto, naosha palepale stoo. Usiku nachemsha vyote dakika tano. Inachosha, basi, sina cha kuongeza hapo.

Sasa bibi. Wiki ya kwanza naacha chupa mbili kwenye friji yake, nimeandika na tarehe, nimemuelekeza apashe kwa kuziweka kwenye bakuli la maji ya moto, asichemshe. Narudi jioni mtoto analia kama kaibiwa. "Shikamoo bibi, vipi, hajashiba?"

"Marahaba. Maziwa yako yalikatika mwanangu, nimemwaga."

Yote. Mililita 180. Nilikaa chini pale kwenye mkeka wake, nikamuuliza yalikatikaje bibi, akanambia juu kulikua na mafuta mazito ya njano, chini maji maji, na yananuka kama sabuni. Na akaniongezea kwa upole kabisa kwamba maziwa ya mtu hayawekwi friji kama juisi, yatampa mtoto tumbo la baridi.

Ningeweza kuanza kumwambia habari za vimeng'enya, kwamba ndani ya maziwa kuna kimeng'enya kinachovunja vunja mafuta na ndo kinaleta ile harufu na hayana madhara. Nikaona hapa sitaeleweka na nitaonekana najifanya. Nikamwambia, "Bibi, ukikuna nazi ukachuja tui ukaliacha kwenye bakuli, baada ya muda linakuaje?" Akasema zito linapanda juu, jepesi linabaki chini. "Linakua limeharibika?" Kimya. Akaniangalia. Akasema, "Kumbe ni la kukoroga tu."

Toka siku hiyo ndo fundi. Anazungusha chupa taratibu, anamimina kwenye kikombe cha kahawa kile kidogo kisicho na mkono, anamnywesha kwa kikombe, chupa yenye chuchu ya mpira mtoto kaikataa mwenyewe na kliniki walinambia kikombe ni bora maana kinasafishika. Juzi namkuta anamfundisha mkwe wake. "Ni kama tui," anamwambia, "koroga usiogope."

Na bosi, maana nilimuahidi shoga nitamsema kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Nilimfuata nimeichapisha kabisa. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mama, hapa imeandikwa kumnyonyesha mtoto. Mtoto yuko wapi?" Akaangalia huku na huku kama anamtafuta nyuma ya magunia. Nikamwambia bosi nikuletee mtoto hapa kwenye vumbi hili nimkalishe juu ya mzani? Akacheka, na mtu akishacheka ndo pa kumbana. Tumeafikiana nusu saa saa nne, nusu saa saa nane, na natoka lisaa moja kabla ya wenzangu. Siku magari yakijaa mpaka barabarani ile nusu saa ya saa nane inaliwa, titi linakua gumu kama fenesi bichi na blauzi inalowa mbele ya madereva, nishazoea kuvaa mtandio. Mume wangu alipata siku tatu za likizo ya baba, ya pili na ya tatu alilala. Mambo hayo.

Kwa hiyo shoga, nunua ya mkono yenye valvu ya akiba, nunua deli dogo usinunue kibegi, pima chuchu kabla hujapima bei. Ya umeme labda kama uko ofisini kwenye plagi ya uhakika na chumba cha mlango wa mbao, na uwe umeshamuuliza muuzaji spea zake ziko wapi kabla hujatuma hela. Ya mkono naipa nne kwenye tano, ile moja kiganja changu kimeikatalia. Ya umeme naipa moja, na hiyo moja ni ya chaja, inachaji simu vizuri sana.

Ipo kwenye boksi lake ninaiuza 20,000, anayeitaka aje Chuno jioni. Valvu ajitafutie.