Matairi ya kubadilisha kwenye pikipiki ya kruza: lipi kwanza, lipi mwisho

Tairi la nyuma la kruza, yaani pikipiki nzito ya kiti cha chini ya safari za starehe, huanza kuisha katikati. Pikipiki ni nzito, injini inavuta kwa nguvu tangu mzunguko wa chini, na safari nyingi ni za barabara kuu iliyonyooka. Katikati panalika mpaka panakuwa bapa, huku mabegani mpira ukiwa bado mzima. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka bega moja hadi jingine, utasikia kama kangazi kadogo pale ubapa unapoishia. Kangazi hako ndiko kanakoifanya pikipiki igome kulala kwenye kona, kisha ilale ghafla ikishakavuka. Tairi likifika hapo libadilishe, hata kama mifereji yake bado inaonekana.

Mnunuzi wa kruza akifika dukani huuliza kwanza: linakwenda kilomita ngapi? Swali hilo mimi huliweka la tatu. La kwanza ni uzito, la pili ni mvua. Mpira mgumu hudumu, lakini ugumu huohuo ndio unaoteleza kwenye lami iliyolowa. Watengenezaji wamepunguza tatizo hilo kwa kuchanganya silika (unga wa madini kama wa mchanga) kwenye mpira na kwa kuweka mpira wa aina mbili kwenye tairi moja, mgumu katikati na laini mabegani. Wamelipunguza, hawajalimaliza.

Soma ubavu kabla ya kusoma bei

Chukua mfano wa 130/90B16 M/C 73H, saizi inayokaa mbele kwenye kruza nyingi. 130 ni upana kwa milimita, 90 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 16 ni inchi za rimu. M/C maana yake tairi ni la pikipiki. Ukikuta MT90B16, ni saizi hiyohiyo kwa mtindo wa zamani. B ni bayasi (nyuzi za ndani hupishana kwa mshazari) yenye mkanda chini ya uso wa tairi, R ni radiali (nyuzi hukatisha moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo), na kistari kitupu ni bayasi ya kawaida. Usichanganye radiali na bayasi mbele na nyuma ila kama kitabu cha pikipiki yako kinaruhusu.

Mwisho kuna 73H. H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa, na kwa kruza unatosha. Namba 73 ndiyo ya kukodolea macho: tairi hilo limepimwa kubeba kilo 365. Namba 77 ni kilo 412, na 81, ambayo utaikuta kwenye 180/65B16 ya nyuma ya Harley-Davidson za safari, ni kilo 462. Sasa piga hesabu. Pikipiki ya kilo 380 ikiwa na mafuta, watu wawili wa kilo 80 kila mmoja, mizigo kilo 30: jumla 570, na zaidi ya nusu inakaa nyuma. Ndiyo maana tairi la namba ndogo, hata kama linaingia kwenye rimu bila shida, linapata joto, linalika upesi na linaweza kupasuka. Unaruhusiwa kupanda juu ya namba ya kiwandani, kushuka chini yake hapana.

Orodha yangu

Nafasi ya kwanza ni Michelin Commander III. Ilitoka 2021 kwa sura mbili, Touring kwa pikipiki nzito za masanduku na Cruiser kwa zilizo nyepesi kidogo. Naiweka juu kwa sababu ndiyo inayoshughulikia maswali yote matatu kwa pamoja: inabeba, inashika kwenye mvua, na bado inadumu. Ile iliyoitangulia, Commander II, ilipendwa kwa kudumu, lakini kwenye maji hii mpya ni bora. Kama hutaki kusoma zaidi na saizi yako ipo, nunua hii.

Ya pili ni Metzeler Cruisetec. Anayepanda milima yenye kona nyingi aihesabu ya kwanza. Inalala upesi, inatulia ikishalala, na haibabaishwi na mvua. Gharama yake ni kilomita: usitarajie idumu kama ndugu yake ninayemtaja chini.

Ya tatu, Dunlop American Elite. Imetengenezwa kwa kuzilenga Harley, na la nyuma lina mpira mgumu katikati na laini mabegani, yaani dawa ya ule ubapa niliousema mwanzo. Kwa msafiri wa barabara iliyonyooka ni chaguo zuri sana. Ila mwenye Yamaha au Suzuki ya nyuma 170/80-15 asipoteze muda hapa, kwani saizi zake zimefuata Harley.

Mwenye saizi ngumu kupatikana aende moja kwa moja kwenye Metzeler ME 888 Marathon Ultra, ambayo kwangu ni ya nne. Kuanzia matairi membamba ya mbele ya inchi 21 hadi mapana ya nyuma kama 240/40 ya rimu ya 18, na hata yenye mstari mweupe ubavuni, yote humo. Inadumu sana. Kwenye lami baridi iliyolowa, punguza ubabe.

Bridgestone Battlecruise H50 ni tairi la heshima lisilo na kasoro kubwa wala sifa ya kukufanya uache zilizotangulia. Likipatikana kwa bei nafuu kuliko hayo, chukua.

Shinko 777 ni ya mwisho kwenye orodha, lakini si ya kudharauliwa. Bei yake ni rahisi, ina saizi nyingi, na ina toleo la HD kwa pikipiki nzito. Litaisha mapema kuliko mengine, kwa hiyo jumlisha ada ya fundi ya kufunga mara mbili kabla ya kusema umeokoa fedha. Kwa mtu anayetembea kidogo, ambaye tairi lake huzeeka kabla halijaisha, naona hilo ndilo la busara kuliko hata Michelin.

Kuna wanaofunga tairi la gari nyuma, hasa kwenye Honda Gold Wing, kwa ajili ya kilomita. Limetengenezwa kukanyaga likiwa wima, na rimu ya pikipiki haikuchongwa kushika ukingo wake. Watengenezaji wa matairi wanakataza. Nami sikulipa nafasi yoyote kwenye orodha.

Dukani na kwa fundi

Tafuta herufi DOT ubavuni, uangalie tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa rafuni, kwa hiyo tairi la zaidi ya miaka mitatu nalirudisha au naomba punguzo kubwa. Lililokwisha kufungwa, likipita miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi litupwe, hata kama halijaisha.

La nyuma huisha kabla ya la mbele, hivyo si lazima ununue yote mawili kwa siku moja. Lakini fuata aina ileile mbele na nyuma, maana yamebuniwa kufanya kazi pamoja.

Rimu za spoku kwa kawaida hutaka tyubu, na tyubu iwe mpya kila unapobadilisha tairi. Kwa rimu zisizo na tyubu, mwambie fundi abadilishe na valvu. Ni kitu kidogo cha mpira ambacho kikipasuka kwenye mwendo kinamwaga upepo wote. Kabla hajapaka sabuni ukingoni, angalia mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka, kwa sababu kosa hilo likigunduliwa baadaye kazi yote inaanza upya. Balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, isikose.

Upepo jaza kwa kufuata kitabu au kibandiko cha pikipiki, tairi likiwa baridi. Ile psi (kipimo cha upepo) iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, cha mzigo kamili. Kisha nenda taratibu kwa kilomita 160 hivi za mwanzo, bila kufunga breki kwa ghafla wala kulala sana kwenye kona, mpaka ule utelezi wa tairi jipya ukwanguke.