Famasi ya mtaani kwetu Nkuhungu, Dodoma, inafungwa, hii ndo rivyu yangu

Kama unakaa Nkuhungu utakuwa umeshaliona tangazo, karatasi ya A4 imebandikwa kwenye kioo na selotepu, kwamba mwisho wa mwezi tawi hili linafungwa na wateja tunaombwa tuhudumiwe tawi la mjini. Haya. Kabla hawajashusha bango lao acha niandike, nyota nawapa nne, na ile moja niliyowanyima naanza nayo.

Bei zao zimechangamka. Panadol na ORS ukivuka tu barabara kwenye duka la dawa muhimu unapata kwa bei rahisi, na chenji pale ni mtihani, asubuhi ukitoa noti ya elfu kumi unarudishiwa na pipi za kikohozi ambazo hukuziomba. Bima ndo usiseme, mtandao ukikata mnakaa kwenye lile benchi mpaka mnajuana ukoo.

Ila wana friji. Lile friji la kioo nyuma ya kaunta, ndani kinaning'inia kipimajoto na pembeni kuna karatasi wanajaza nyuzi joto asubuhi na jioni, yaani hicho ndo kitu mtaa unapoteza, wala sio panadol. Insulini, ile dawa ya sukari ya kuchoma sindano, kama haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi na moja si mnalijua wenyewe. Duka la dawa muhimu siwezi kulilaumu, yale maduka yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kwa ajili ya sehemu ambazo famasi hazifiki, yana orodha yao ya dawa na mtoa dawa kasomea hizo hizo, kwa hiyo dawa mseto ya malaria utapata, zinki ya mtoto anayeharisha utapata, ukiuliza insulini unaambiwa nenda mjini.

Halafu kuna yule dada mfamasia, tunamwita dokta, amekataa hilo jina mpaka kachoka. Ukinunua insulini anaizungushia gazeti kwanza ndo anaiweka kwenye mfuko wenye chupa ya barafu, na anakwambia "mama, isigusane na barafu, ikiganda hiyo imekufa, tupa". Kuna bibi jirani yetu hana friji nyumbani, alimuelekeza achukue vyungu viwili, kidogo akiweke ndani ya kikubwa, katikati ajaze mchanga aumwagie maji, juu afunike kitambaa kibichi na akiweke kivulini penye upepo. Nilidhani ni maneno ya kumfariji bibi wa watu mpaka nilipoingiza mkono mwenyewe, ndani kulikuwa na ubaridi kabisa, na hii ni kwa sababu hewa ya huku kwetu ni kavu maji yanakauka haraka, Dar na unyevu wao wasijisumbue. Chupa ya insulini iliyoshafunguliwa ikikaa humo bibi anaimaliza ndani ya wiki zake nne bila kuhangaika. Ushauri wa hivyo hakulipia hata senti.

Na hauzi nusu dozi. Kijana anakuja anataka amoxilini za buku, anaambiwa kaka lete cheti na utachukua dozi nzima, anasonya anavuka barabara. Biashara wamepoteza sana hapo, ila mimi hilo nawapa tano.

Sasa wanatuambia mjini. Famasi zote zinakimbilia kuzunguka hospitali ya General, zimepangana mlango kwa mlango wanagombania mgonjwa mmoja, huku sisi usiku mtoto akichemka unampigia bodaboda naye anakutajia bei kwa kusikiliza sauti yako inavyotetemeka. Mchana daladala zipo sawa, lakini mzee wa presha na miguu imevimba unampandishaje daladala kila mwezi kwa ajili ya vidonge?

Wenye dawa za kila mwezi nendeni wiki hii, muombeni dokta awaandikie jina lenyewe la dawa na nguvu yake, msibebe kichwani rangi ya boksi maana kila kiwanda kina boksi lake na mjini hawatawaelewa. Wenye bima ulizeni kabisa tawi la mjini linapokea kadi yenu au la. Na baba mwenye frem, najua unasoma hapa, shikamoo, akija mtu wa famasi msikilize kwanza, saluni tunazo za kutosha.