Kuimarisha Plasta: Kipi Kinunuliwe, Nyuzi, Lateksi au Gundi Nyeupe?

Anayejenga Kampala, Jinja au Arua hukuta madukani bidhaa nyingi zinazosifiwa kuwa huzuia plasta isipasuke, ilhali kila moja ina kazi yake, na hakuna hata moja inayoweza kuiokoa plasta iliyochanganywa kwa mchanga wenye udongo. Kwa hiyo mchanga, uwe wa Lwera au wa kwingineko, uoshwe udongo utoke na uchekechwe kwanza. Fedha za viongezo zifuate.

Kwa kuta za kawaida za matofali, chaguo la kwanza ni nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki, zenye urefu wa milimita 6 au 12. Hazishiki kutu, haziliwi na ukali wa saruji, na kinachohitajika ni kidogo: kwa kawaida gramu 600 hadi 900 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukuta wa mita za mraba 100, wenye plasta ya unene wa milimita 15, hutumia mita 1.5 za ujazo, yaani nyuzi zisizofika kilo moja na nusu. Kazi yake ni kuishika plasta katika saa za mwanzo, jua na upepo vinapoikausha upesi na nyufa nyembamba kuanza kujitokeza. Hazichukui nafasi ya nondo, wala hazizuii ufa unaotokana na msingi kutitia. Fundi azitawanye kidogo kidogo kwa mkono, kwani zikitupwa kwa mafungu hujisokota na kubaki mabonge. Nyuzi za kioo za kawaida zisinunuliwe, kwa maana saruji huzila. Zinazofaa ni zile tu zilizotengenezwa kuhimili alkali, yaani huo ukali wa saruji.

Lateksi ya SBR (aina ya mpira wa kiwandani), yale majimaji meupe kama maziwa yauzwayo kwa jerikeni, naiweka ya pili kwa sababu ya gharama tu. Bafuni, kwenye tangi la maji, au pale plasta mpya inaposhikishwa kwenye zege kuukuu, hiyo ndiyo ya kwanza. Aghalabu hutiwa lita 5 hadi 10 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, na maji ya kuchanganyia hupunguzwa. Kosa kubwa hutokea hapa: fundi hupaka uji wa saruji na lateksi, huenda kula, kisha hurudi kupiga plasta juu ya utando uliokwisha kukauka, ambao sasa hutenganisha badala ya kushikisha. Tena plasta hii hutunziwa unyevu kwa siku moja hivi, kisha huachwa ikauke, tofauti na ya kawaida ambayo humwagiliwa maji kwa siku 7.

Lateksi ya akriliki huhimili jua vizuri zaidi kuliko SBR, lakini kwa ukuta utakaopakwa rangi faida hiyo si kubwa.

Ya mwisho ni gundi nyeupe ya PVA. Bei yake ni nafuu, ila hulainika tena ikilowa, basi itumike ndani, pakavu tu. Kwa kuwa kwa macho ni vigumu kuitofautisha na SBR, mnunuzi adondoshe tone kwenye kigae, likauke kabisa, kisha akiloweke usiku kucha: PVA hulainika na kunata kidoleni, ilhali SBR hubaki utando mgumu kuchanika. Jerikeni ambayo lebo yake haitaji aina ya kemikali wala kipimo cha kuchanganya na ibaki dukani.