Pikapu kuukuu ya dizeli: ipi ununue kama fundi ni wewe mwenyewe

Msimu wa korosho ukikaribia, Mtwara na Lindi kila mwenye vijisenti huulizia pikapu. Mimi naandika kwa ajili ya yule atakayeifungua mwenyewe uani, chini ya mkorosho, akiwa na jeki, boksi la spana na kijana wa kumshikia tochi. Kama una fundi wa kudumu na hela ya kumlipa, mpangilio wangu hautakufaa sana.

Kabla ya injini, lala chini uangalie chasisi. Gari lililoishi Mikindani, Kilwa au Lindi mjini likibeba samaki na chumvi huliwa kuanzia chini, na muuzaji anajua. Niliwahi kuoneshwa moja inayong'aa. "Mjomba, hii haijawahi kufunguliwa." Uvunguni imepakwa rangi nyeusi mbichi, harufu haijaisha. Nikaanza kugonga kwa spana namba 17, kutoka mbele kwenda nyuma. Mbele chuma kililia ting. Kwenye masikio ya springi za nyuma kikajibu puf, na kipande cha kutu cha ukubwa wa kiganja kikaniangukia kifuani. Tangu hapo natafuta magari ya bara: Masasi, Nachingwea, Newala. Yamechakazwa na mchanga na mashimo, sawa, lakini bushi na springi utanunua. Chasisi iliyooza utaichomelea mpaka uchoke.

Sasa tuzipange.

Ya kwanza kwangu ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L (lita 2.8) au 5L (lita 3.0). Haina turbo (feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) wala kompyuta, na nafasi ya kuingiza mkono ipo. Spea ukiagiza Kariakoo leo, kesho unazifuata stendi kwenye basi. Udhaifu wake ni taimingi belti, mkanda unaoziendesha valvu zifunguke kwa wakati: ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Toyota wameweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inayowaka kila kilomita 100,000 kudai belti mpya. Washa swichi bila kupiga selfu. Taa hiyo iwake pamoja na zile nyingine. Isipowaka, huenda kuna aliyechomoa balbu ili asikumbushwe. Hapo hesabu belti mpya ndani ya bei. Kati ya hizo mbili, 5L ina nguvu kidogo zaidi mlimani, ila 3L nzima ni bora kuliko 5L iliyochoka.

Ya pili ni Isuzu yenye injini ya 4JA1, lita 2.5. Hii hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, haina kichumba cha pembeni kama hizo za Toyota, ndiyo maana inawaka upesi asubuhi na inakunywa kidogo. Kelele usiulize, jirani atajua umeamka. Anayekwenda shamba na kurudi kila siku huenda akaiweka ya kwanza, na sitabishana naye.

Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ naiweka ya tatu, najua nitatukanwa. Injini ni ya kuaminika mno: silinda sita, lita 4.2. Lakini bei ya kuinunua inatosha Hilux na chenji ya kuifufua, na kila kitu chake ni kizito: gia boksi yake hushushi na kijana wa tochi. Ukikuta imefungwa turbo ya mtaani, iache. Haikutengenezwa kwa joto hilo, na silinda hedi, kifuniko cha juu ya silinda, ndiyo hulipa.

Nissan yenye injini ya TD27 inafuata. Taimingi yake ni ya gia, belti hakuna, raha tupu. Spea zake ndizo hunisubirisha.

Chini kabisa naweka za turbo za zamani, 2L-T ya Toyota na 4D56 ya Mitsubishi. Zikichemsha hata mara moja, silinda hedi inaweza kupasuka. Hilux za D-4D, zile mpya zaidi za kompyuta, si mbaya, ila si za uani. Sisi tumezoea kulegeza paipu za nozeli (zinazopuliza dizeli) injini ikiwa inaunguruma ili tujue silinda ipi haichomi. Kwenye D-4D usithubutu. Dizeli inatoka kwa presha ya kupenya ngozi.

Yoyote utakayochagua, ikute ya baridi. Gusa injini kwanza; ikiwa ya moto, muuzaji kaiamsha kabla hujafika. Fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama maji: mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi iliyoungua au hedi iliyopasuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kisha ipakie mizigo uipandishe mlima wa Newala, macho kwenye geji ya joto.

Mabadiliko ninayoyapendekeza kabla ya yote ni chujio la kutenga maji, lifungwe kabla ya filta ya dizeli. Liwale au Tandahimba vijijini utanunua mafuta ya madumu, na pampu za injini hizi kuukuu hulainishwa na dizeli yenyewe; maji yakiingia, pampu inajisaga. Kuongeza majani ya springi ni sawa, mradi ukumbuke breki ni zilezile.

Hela usitoe kabla hujalinganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za kwenye kadi. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijui, muuzaji amalizane na TRA kwanza. Likishafika nyumbani, badilisha belti, filta na oili kabla halijabeba hata gunia moja.